Bahari, Mlima na Kijana Aliyeelemewa

Mwaka 1904 kijana mmoja wa Kijerumani, Kurt Hahn, alipigwa na jua kali, na athari zake hazikumwacha hadi uzeeni. Alipokuwa akiuguza mwili wake alianza kuwaza shule itakayolea mwili na tabia pamoja na akili. Wazo hilo lilitimia mwaka 1920, alipoanzisha shule ya Salem, kusini mwa Ujerumani, akisaidiwa na Mwanamfalme Max wa Baden.

Hahn alikuwa Myahudi, na hakukubali kunyamaza. Mwaka 1932, wafuasi wa Hitler walipomuua mfanyakazi mmoja katika kijiji cha Potempa na kiongozi wao akawatetea, aliwaandikia wahitimu wa Salem akiwataka wachague: Salem au Hitler. Mwaka uliofuata alitiwa mbaroni. Alipoachiliwa alihamia Uingereza, na mwaka 1934 akafungua shule ya Gordonstoun huko Scotland.

Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja, na nyambizi za Kijerumani zikawa zinazamisha meli za mizigo katika Atlantiki. Lawrence Holt, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa kampuni ya meli ya Blue Funnel ya Liverpool, aliamini kwamba katika mashua za kuokolea mabaharia vijana walikata tamaa mapema kuliko wazee waliokulia kwenye meli za matanga. Mwaka 1941 yeye na Hahn walifungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, pwani ya Wales. Vijana walikaa humo takribani mwezi mmoja, wakijifunza kuendesha mashua, kutembea milimani na kuokoa watu.

Masimulizi mengi huishia hapo: vifo vya mashuani ndivyo vilivyoizaa shule. Maelezo hayo yana ukweli, kwani bila fedha za Holt shule isingefunguliwa. Hata hivyo, tangu miaka ya 1930 Hahn alikuwa akitafuta njia ya kuwafikishia vijana wa kawaida mafunzo yaliyokuwa ya wanafunzi wa Gordonstoun peke yao. Kwa maoni yangu, vita viliharakisha jambo ambalo tayari lilikuwa safarini.

Amani iliporudi, shule hizo zilienea. Mwaka 1950 ilifunguliwa ya milimani huko Eskdale, Uingereza, na mwaka 1952 ikafika kwetu, Loitokitok nchini Kenya, chini ya Kilimanjaro. Huko kilele cha mafunzo kilikuwa kuukwea mlima huo wenye urefu wa mita 5,895. Lengo la shule lilikuwa kukuza viongozi na watu wa kutegemewa kazini. Kijana aliyeumizwa na maisha hakuwa amefikiriwa bado.

Iliyofungua mlango huo ni Marekani. Outward Bound ilianza Colorado mwaka 1962, na katika muongo huohuo jimbo la Massachusetts lilikuwa na vijana wengi waliokinzana na sheria, waliopelekwa katika shule za maadilisho na kurudi mitaani wakiwa vilevile. Watafiti Francis Kelly na Daniel Baer waliwafuatilia wavulana 120. Nusu yao walipelekwa katika mafunzo ya Outward Bound, milimani, ziwani na baharini; nusu nyingine walishughulikiwa kwa utaratibu wa kawaida. Mwaka mmoja baadaye, waliorudia makosa katika kundi la kwanza walikuwa mmoja kati ya watano. Katika kundi la pili walikuwa takribani mara mbili ya hao.

Lakini utafiti huo una sehemu isiyotajwa mara nyingi. Kadiri miaka ilivyopita, pengo kati ya makundi hayo lilipungua. Tena, walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wakipitia msukosuko wa ujana. Wale ambao matatizo yao yalikuwa yameota mizizi tangu utotoni walipata nafuu ndogo. Wapo wanaosema kinachoponya ni mazingira yenyewe, yaani hewa, ukimya na umbali kutoka mtaani. Wengine hutaja mafanikio: kijana aliyezoea kuambiwa hafai anapofika kileleni hujiona upya. Mimi naupa uzito zaidi uhusiano, kwa sababu mlima ni uleule kwa kila kundi, ilhali kiongozi na wenzako kwenye kamba ndio wanaotofautiana. Na kijana anaporudi nyumbani, hao ndio anaowakosa kwanza.

Mafanikio yalivuta biashara. Katika miaka ya 1980 makampuni binafsi, mengi yakiwa Utah, yaliwatoza wazazi fedha nyingi ili kuwapeleka watoto wao jangwani, mara nyingi bila ridhaa ya watoto wenyewe. Mwaka 1990 wasichana wawili walifariki katika programu mbili tofauti, ndani ya miezi miwili, wakitembezwa kwenye joto kali. Utah ilitunga kanuni mwaka huohuo, lakini vifo havikukoma. Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza vifo 10 vilivyotokea kati ya 1990 na 2004 katika programu binafsi za vijana, zikiwemo za namna hii. Iligundua wasimamizi wasio na mafunzo na watoto waliokosa chakula cha kutosha. Katika baadhi ya visa mtoto alilalamika kwamba anaumwa, na mtu mzima aliyekuwa naye akaamua kwamba anajifanya.