Kipande cha Kipande

Nyuma ya nyumba yangu hapa Leiden, chini ya mti mkubwa, jua halifiki. Nilipanda mchicha, ukanyong'onyea. Jirani yangu, mzee wa Kiholanzi, ndiye aliyenionea huruma. Alipasua shina la funkia yake kwa sepeto, akanipa nusu: majani mapana, kijani katikati, ukingo wa njano.

Wenye maduka ya mimea huiita hosta. Jina hilo lilitolewa mwaka 1812 kwa heshima ya Host, mtaalamu wa mimea wa Austria. Miaka 5 baadaye mwingine akalibadili kwa heshima ya Funck, na mkutano wa wataalamu wa mimea wa Vienna wa 1905 ukarudisha la kwanza. Jirani yangu habari hizo hazijamfikia. Wajapani, wenye mmea wao, hawakuulizwa. Kwao ni giboshi, kama kile kichwa cha umbo la kitunguu juu ya nguzo za madaraja, maana ua lake kabla ya kuchanua hufanana nacho.

Aliyeieneza sana huku ni Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyetumwa na Waholanzi Dejima, kisiwa kidogo cha Nagasaki, mwaka 1823. Alikutwa na ramani za Japani, kosa kubwa enzi hizo, akafukuzwa 1829. Mimea yake ilipandwa Ghent, mara mapinduzi ya Ubelgiji yakaikuta huko. Baadaye alifungua kitalu hapahapa Leiden, akawa anauza.

Sifa zote hupewa yeye. Mimi namkumbuka zaidi Kinta, mtunza bustani wa Edo (Tokyo ya leo), aliyechapisha mwaka 1827 kitabu cha michoro ya mimea yenye majani ya rangi mbili, Siebold akiwa bado Dejima. Wenzake walikuwa wamezoea kukodolea macho jani lililokosea, wakalitenga, wakalilea.

Maana ukingo huo wa njano ni kasoro: seli za tabaka la nje zina upungufu wa klorofili. Ukipanda mbegu, mpangilio huo wa rangi hupotea, hivyo watu hugawana shina, mkono kwa mkono. Langu ni kipande cha kipande.

Majira ya kuchipua yaliyopita, chipukizi moja lilitoka kijani kitupu. Jirani alichungulia juu ya ua, akaniambia niling'oe kabla halijayameza mengine, kwani lina nguvu zaidi. Nililichimba na mizizi yake. Sasa liko kwenye ndoo iliyotoboka, karibu na pipa la maji ya mvua, na konokono wamekwisha kulijua.