Hata Azusa Waligombana



Leo nazungumza na wewe ambaye si ugomvi mmoja uliokuchosha. Ugomvi mmoja mtu huvumilia. Kilichokuvunja moyo ni huu wa tatu, au wa nne. Mliomba, mkasuluhishwa, mkalia mkikumbatiana pale madhabahuni, mkala chapati pamoja. Kabla mwaka haujaisha kwaya imegawanyika tena, wazee hawasalimiani, na kundi la WhatsApp la kanisa limefungwa usiku wa manane ili watu wasiendelee kutupiana maneno. Sasa ukija ibadani unakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na moyoni una swali usilothubutu kumwuliza mtu: kama Roho Mtakatifu yuko hapa kweli, haya yanatoka wapi?

Wengi wakifika kwenye swali hilo huanza kutamani siku za kale. Husema kanisa la siku hizi limeharibika, zamani watu walikuwa na upendo. Na sisi Wapentekoste tunapo mahali petu pa kutamani. Tunasema Azusa. Mhubiri akitaja jina hilo, kanisa zima linaitikia Amina hata kabla hajamaliza sentensi. Basi twende Azusa, lakini leo nikupitishe mlango wa nyuma.

William Joseph Seymour alizaliwa mwaka 1870 katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Jicho lake moja lilipofuka kwa ugonjwa wa ndui. Akiwa Houston, Texas, alitamani kusoma katika shule ya Biblia ya Charles Parham, mzungu aliyefundisha kwamba ishara ya ubatizo wa Roho ni kunena kwa lugha. Ubaguzi wa rangi wa wakati ule haukumruhusu mtu mweusi kukaa darasa moja na wazungu. Kwa hiyo Seymour alisikiliza masomo akiwa nje ya chumba, mlango ukiachwa wazi. Tafakari hilo kidogo kabla hujaendelea. Mafundisho tunayojivunia leo yalisikilizwa na mtu aliyewekwa nje ya darasa na ndugu zake katika Kristo.

Februari 1906 akaalikwa Los Angeles kuhudumu katika kanisa dogo la utakatifu lililoongozwa na mama Julia Hutchins. Alihubiri habari za kunena kwa lugha. Aliporudi kwa ibada nyingine alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Yaani hata kabla moto haujashuka, mchungaji wetu amefungiwa nje. Liweke kufuli hilo akilini, tutalikuta tena.

Akapokelewa nyumbani kwa watu, na maombi yakahamia nyumba ya familia ya Asberry katika mtaa wa Bonnie Brae. Tarehe 9 Aprili 1906 Roho akashuka pale. Mmoja wa waliojazwa jioni ile alikuwa dada aliyeitwa Jennie Evans Moore. Mshike jina lake pia. Watu wakawa wengi mno, nyumba haikutosha, ndipo wakakodi jengo kuukuu nambari 312 mtaa wa Azusa. Liliwahi kuwa kanisa la Wamethodisti weusi, kisha likawa ghala na zizi la farasi. Walisafisha, wakatandaza vumbi la mbao chini, wakapanga mbao juu ya makasha ziwe viti. Mimbari ilikuwa makasha mawili ya kubebea viatu yaliyopandanishwa, na Seymour aliomba akiwa ameinamisha kichwa ndani ya kasha.

Unajua kilichofuata. Ibada mara tatu kwa siku, karibu miaka mitatu. Weusi, wazungu na Wameksiko walipiga magoti pamoja, katika nchi ambayo wakati huohuo watu weusi walikuwa wakinyongwa na makundi ya wazungu hadharani. Wageni walitoka ng'ambo ya bahari. Gazeti lao, The Apostolic Faith, lilianza Septemba 1906 kwa nakala 5,000 na baadaye likafikia takribani 50,000, likitolewa bure. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba ile ilikuwa kazi ya Mungu. Sijaandika haya ili kuipunguza hata kidogo.

Lakini hesabu miezi. Uamsho ulianza Aprili. Kufikia Agosti, Frank Bartleman, mwandishi na mwombaji mkubwa aliyeombea uamsho ule kabla haujaja, alikuwa ameondoka na kufungua mahali pake pa ibada. Sababu? Walitundika bango lenye jina la kanisa nje ya jengo. Yeye aliona kwamba kujiita jina ni kumzuia Roho na ni mwanzo wa madhehebu. Bango, mpendwa. Miezi minne! Wewe ulidhani kanisa lenu ndilo la kwanza kugombania kibao cha barabarani.

Oktoba 1906 akaja Parham mwenyewe. Seymour alimheshimu kama baba yake katika injili na alikuwa akimsubiri kwa hamu. Parham aliingia, akaona weusi na wazungu wamechanganyika madhabahuni, wanalia, wanaanguka, akachukizwa. Akasimama akawakemea. Wazee wa Azusa walimwomba aondoke, naye akaanzisha mikutano yake ya kushindana katika mji uleule. Aliyemfundisha kupitia mlango wa darasa alikuja kumwaibisha nyumbani kwake. Ukiwa umewahi kuumizwa na aliyekulea kiroho, ujue hujaanza wewe.

Kilichoniuma zaidi nilipokisoma ni cha 1908. Mwezi wa Mei Seymour alimwoa Jennie, yuleyule wa Bonnie Brae. Miongoni mwa watenda kazi alikuwamo Clara Lum, dada mzungu mwenye ujuzi wa hati mkato, aliyekuwa mkono wa kuume wa gazeti. Hakuipenda ndoa ile. Alihamia Portland, kaskazini, kwa Florence Crawford, mtumishi mwingine aliyetoka Azusa, na majina na anwani za wasomaji wa ndani na nje ya nchi yakaenda pamoja naye. Gazeti likaanza kutoka Portland. Seymour na mkewe walisafiri hadi kule kuyaomba majina yale, wakarudi mikono mitupu.

Labda unasema ni orodha tu. Fikiria mchungaji wako leo anyang'anywe namba zote za simu, ukurasa wa kanisa na Paybill kwa siku moja. Watu waliokuwa wakiomba kwa ajili ya Azusa, waliotuma barua na msaada, hawangeweza tena kufikiwa. Seymour hakuwa na namna ya kuwaambia hata kilichotokea. Naye Clara Lum hakuwa mlaghai aliyejipenyeza. Alikuwa amejazwa Roho, ametumika kwa bidii miaka miwili. Hilo ndilo gumu kumeza. Aliyekuumiza huenda ameokoka kweli.

Kisha 1911. William Durham, mchungaji mzungu wa Chicago, alikuwa amejazwa Roho pale Azusa mwaka 1907. Sasa alirudi na fundisho jipya. Azusa walifundisha hatua tatu: unaokoka, kisha unatakaswa, kisha unabatizwa kwa Roho. Durham akasema hapana, kazi ilikamilika msalabani, utakaso si tukio la pili bali ni safari inayoanza siku ile unapookoka. Seymour alikuwa safarini mashariki mwa nchi. Durham alipopewa mimbari ya Azusa, jengo lililokuwa limepoa likafurika tena. Habari zikamfikia Seymour, akarudi haraka. Tarehe 2 Mei 1911 Durham na watu wake walikuta mlango wa Azusa umefungwa kwa mnyororo na kufuli.

Ndiyo, lile kufuli. Aliyefungiwa nje 1906 alifungia wengine nje 1911. Mimi ni mchungaji, na namwelewa: mwangalizi wa nyumba ana wajibu juu ya kinachofundishwa humo. Lakini siwezi kusoma habari ile bila kusikitika. Umati ulimfuata Durham hadi ukumbi mwingine, na Azusa ikabaki na wachache. Mwaka uliofuata Durham alikufa kwa nimonia, ana miaka 39. Mwaka 1913 Wapentekoste walikusanyika kwa mkutano mkubwa wa hema karibu na Los Angeles. Seymour alihudhuria, akaketi kati ya wasikilizaji. Hakuna aliyemwita jukwaani. Na katika mkutano huohuo ukaanza mgogoro mwingine, ule wa ubatizo kwa jina la Yesu peke yake, ambao umewagawa Wapentekoste mpaka leo.

Nimeyasema haya yote ili kile unachokiwaza kwenye kiti cha nyuma kijibiwe. Unawaza kwamba ugomvi umethibitisha Mungu hayupo. Azusa inasema Mungu alikuwapo Aprili, na ugomvi ulikuwapo Agosti, katika jengo moja, kati ya watu walewale. Hakukuwa na kipindi cha dhahabu kilichokuja kuharibiwa na watu wabaya. Hata Yerusalemu, kabla hujamaliza Matendo sura ya 6, wajane wanalalamikia chakula. Ukihama kanisa kutafuta lisilo na fitina utahama maisha yako yote, na kila utakapoenda utajibeba na wewe mwenyewe.

Hapa niweke neno wazi. Nikisema ugomvi simaanishi uhalifu. Mtoto akiguswa vibaya, au pesa za kanisa zikiibwa, usiambiwe "vumilia, hata Azusa waligombana." Hayo yapelekwe panapohusika, na polisi wakiwamo.

Na je, huzuni yenyewe uifanyeje? Kwanza acha kuionea aibu. Soma 2 Wakorintho 2:12-13. Paulo alifika Troa akakuta mlango wa injili uko wazi mbele yake, na akaondoka! Roho yake haikutulia, kwa sababu Tito hakuwa amefika na habari za kanisa la Korintho lililokuwa likimsumbua. Mtume wa Mataifa aliacha nafasi ya kuhubiri kwa sababu ya mgogoro wa kanisa. Tukiona shemasi leo hajahudhuria fellowship wiki mbili, tunasema amerudi nyuma. Ukiendelea hadi 7:5-6, anakiri kwamba hata Makedonia mwili wake haukupata raha, vita nje, hofu ndani. Kisha anasema Mungu alimfariji. Kwa maono? Kwa malaika? Kwa kuja kwa Tito. Mtu mmoja alibisha hodi.

Kwa hiyo tafuta Tito wako. Mmoja. Usimtafute kwenye kundi la watu 256 wenye hasira, wala usitafute yule atakayekupa habari mpya za kukuchoma zaidi. Tafuta aliyekomaa, mlie, muombe, mnywe chai. Na kama wewe mwenyewe umepata nafuu, uwe Tito wa mwingine. Mtembelee yule aliyeacha kuja. Usimwulize mbona haji.

Seymour yeye alifanya nini? Hakuacha. Sisemi hakuumia: mwaka 1915 alitoa kitabu cha mafundisho na kanuni za kanisa lake, na humo akaagiza uongozi uwe mikononi mwa watu weusi, ili kuepusha mafarakano ya rangi. Mtu aliyeona rangi zote zimeyeyuka pale madhabahuni kuandika kifungu hicho, hayo ni majeraha. Lakini aliendelea kufungua mlango wa Azusa, kuhubiria wachache waliobaki, kusafiri na kutembelea makanisa. Alifanya hivyo hadi tarehe 28 Septemba 1922, moyo wake uliposimama. Jennie akashika uchungaji. Baadaye akatokea mtu aliyetaka kuliteka kanisa lile dogo, wakafikishana mahakamani. Ugomvi tena! Jengo likabomolewa 1931, na Jennie akawakusanya waliosalia nyumbani kwake, mtaa wa Bonnie Brae, walikoanzia. Alilala katika Bwana mwaka 1936.

Sasa nirudi kwa Durham, maana kuna jambo hupenda kuwaonyesha wanafunzi wa Biblia. Mwaka 1907, alipotoka Azusa amejazwa, alirudi Chicago, na kanisa lake pale likawaka. Mfanyabiashara mmoja kutoka Winnipeg, Kanada, aliyeitwa A. H. Argue, akaenda Chicago mwaka huohuo akajazwa Roho hapo, akaurudisha moto kwao. Mwaka 1919 Wapentekoste wa Kanada wakasajili ushirika wao, Argue akiwa mmoja wa baba zao. Na ukipanda barabara ya Kisumu kuelekea Kakamega utafika Nyang'ori. Otto Keller na mkewe Marian walianza kazi pale mwaka 1924, na misheni hiyo ikawa chini ya ushirika wa Kanada. Ndiko zilikotoka Pentecostal Assemblies of God za Kenya, na wengi wetu, hata tulio na majina mengine kwenye mabango yetu, tumeokokea kwa watu waliookokea kwa watu wa Nyang'ori.

Sisemi mgawanyiko wa 1911 ulikuwa mpango wa Mungu. Nasema tu kwamba siku Durham alipokuta kufuli mlangoni, Winnipeg ilikuwa tayari inawaka.

Kama huu wa kanisani kwenu umekuchosha, niandikie inbox jina lako la kwanza nikuombee kwa jina. La yule mliyekosana naye usinitajie. Bwana anamjua.