Jina na Sahani: Televisheni na Urithi wa Mapishi katika Eneo la Viwanda la Nairobi

Vipindi vya televisheni kuhusu mapishi vimekuwa njia mojawapo kuu ya kuwajulisha watu vyakula vya wenzao. Hapana shaka kwamba vina faida. Hata hivyo, picha huonyesha kilichomo sahanini tu. Sehemu kubwa ya historia yake imo ndani ya jina. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa chakula cha mchana cha wafanyakazi wa Industrial Area, kwamba urithi wa mapishi hauhifadhiki pasipo kuhifadhi msamiati wake.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na baadaye viwanda vikakusanyika kusini mwa njia yake. Wafanyakazi walitoka Ukambani, Nyanza, Magharibi na nchi ya Wakikuyu. Walikaa Pumwani, mtaa uliofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, au Muthurwa na Makongeni, mitaa ya watu wa reli. Katika miaka ya 1940 ikaongezwa Kaloleni. Wengi waliishi bila jamaa zao. Mke alibaki shambani, na jiko la ukoo likabaki naye. Mfanyakazi alihitaji chakula kilichopikwa tayari, cha bei nafuu, chenye kumshibisha hadi jioni. Haja hiyo ndiyo inayokidhiwa hata leo na vibanda vilivyo karibu na milango ya viwanda.

Tuchukue mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe. Wakikuyu huyaita githeri, Wakamba isyo, Wajaluo nyoyo. Pwani ni pure, na Tanzania ni makande. Mjini Nairobi jina lililoshinda ni githeri. Ushindi huo umerahisisha mawasiliano, lakini una hasara yake. Wakamba hutofautisha isyo na muthokoi, ambao mahindi yake hutwangwa kwanza hata yatoke maganda. Tofauti hiyo ni ya kinu, mchi na jasho la mtwangaji. Mtangazaji asiyeuliza huenda akaziita sahani zote mbili githeri, na kazi hiyo yote ikafutika.

Mboga nazo ni vivyo hivyo. Mnavu ni managu kwa Wakikuyu na osuga kwa Wajaluo. Mgagani ni dek kwa Wajaluo na chinsaga kwa Wakisii. Lakini mara nyingi zote hukusanywa chini ya jina moja, mboga za kienyeji. Neno kienyeji haliitaji mboga. Huitenga tu na ile inayodhaniwa kuwa ya kisasa. Kinyume chake ni sukuma wiki: jani lenyewe lilitoka ng'ambo, lakini jina ni la hapa hapa, nalo lasimulia mshahara usiofika mwisho wa juma.

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Mwaka 2018 shirika la CNN lilionyesha kipindi cha Kenya cha Anthony Bourdain, aliyekuja pamoja na W. Kamau Bell, kilitangazwa baada ya kifo chake. Sifa ya Bourdain ilikuwa kuketi na watu wa kawaida na kuwaacha waseme. Walakini kipindi cha namna hiyo huwalenga watazamaji wa mbali, na jina ndilo la kwanza kufasiriwa, kisha ndilo la kwanza kupotea.

Njia bora imekwisha onyeshwa. Mwaka 2007 Kenya iliazimia kuvilinda vyakula vya asili, ambavyo vilikuwa vikidharauliwa kama alama ya umaskini. Wataalamu na wanajamii waliandika mimea ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji, na mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Yafaa tuzingatie kwamba mmea uliandikwa pamoja na jina lake.

Wajibu wa idara za lugha, basi, ni kuiendeleza kazi hiyo hadi vibandani: kukusanya majina ya vyakula na vitenzi vya kuvipika, na kuwapa watangazaji orodha hizo. Tusipofanya hivyo, mtoto aliyezaliwa Makadara au Mukuru ataonyeshwa chakula cha ukoo wake kwenye televisheni, naye asijue kukiomba kwa jina.