Usomaji wa Likizo na Lugha ya Rafu

Imezoeleka nchini Marekani kudai kwamba likizo ndefu ya majira ya joto ilitokana na mahitaji ya shamba. Historia haiungi mkono dai hilo. Katika karne ya 19 shule nyingi za vijijini zilifundisha majira ya baridi na ya joto, zikafungwa wakati wa kupanda na wa kuvuna. Likizo ya Julai na Agosti ni zao la miji zaidi: joto la madarasa, hofu ya maradhi, na desturi ya familia zenye uwezo kuondoka mjini. Watoto wa wafanyakazi na wa wahamiaji walibaki mitaani, shule zikiwa zimefungwa.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na maktaba za umma. Mjini Cleveland, mwaka 1897, mkutubi Linda Eastman alianzisha umoja wa watoto wasomaji, walioahidi kuvitunza vitabu vya maktaba. Katika miongo iliyofuata, maktaba nyingi zilibuni programu za likizo zenye orodha, vyeti na hesabu ya vitabu vilivyosomwa. Uingereza nayo, tangu 1999, ina programu ya kitaifa kwa watoto wa miaka 4 hadi 11, iliyojulikana kwa lengo lake la vitabu 6.

Mwaka 1978 Barbara Heyns alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wa Atlanta. Alionyesha kwamba tofauti kati ya watoto wa wenye nacho na wa wasio nacho ilipanuka zaidi wakati wa likizo kuliko wakati wa masomo, na kwamba usomaji wa likizo uliambatana na maendeleo ya mtoto. Watafiti wa baadaye wamebishana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo. Hata hivyo, jambo moja aliloligundua halipaswi kupuuzwa: umbali kati ya nyumba na maktaba uliathiri kiasi cha kusoma.

Umbali, hata hivyo, haupimwi kwa hatua pekee. Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico aliyeanza kazi mwaka 1921 katika tawi la Harlem la maktaba ya New York, alikuta ngano alizozisikia utotoni hazimo rafuni. Akawasimulia watoto kwa Kihispania na kwa Kiingereza, na mwaka 1932 akachapisha mojawapo ya ngano hizo.

Kiswahili kiliifikia rafu hiyo kwa njia nyingine. Vitabu vya Muriel Feelings vya 1971 na 1974, kimoja cha hesabu na kingine cha alfabeti, vilipata heshima ya Caldecott kwa michoro ya Tom Feelings. Vilimpa mtoto wa Marekani mweusi fahari ya Afrika, na mchango huo ni mkubwa. Lakini maelezo yake ni ya Kiingereza. Kiswahili kimo kama maneno ya kujifunza, si lugha ya kumfuata sungura tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho.

Leo mtoto wa Mswahili mjini London au Minneapolis aweza kumaliza likizo akiwa amepata cheti chake, bila kusoma hata ukurasa mmoja katika lugha anayozungumza na bibi yake kwa simu. Programu itamhesabu kuwa amefaulu. Wazazi, waandishi na wachapishaji wa Kiswahili wana hesabu yao wenyewe ya kufanya.