Jina la Maumivu: Neno Kisonono na Safari Yake hadi Daftari la Zahanati



Mhadhara huu unahusu neno moja ambalo aghalabu hunong'onwa: kisonono. Nimelichagua kwa kuwa historia yake inadhihirisha jambo ambalo sisi wanaisimu hulisema darasani bila kulipima vya kutosha, kwamba kutaja ni kuchagua. Anayekitaja kitu kwa upande mmoja huuacha upande mwingine gizani.

Tuanzie Olmotonyi, katika miteremko ya Mlima Meru, mahali panapojulikana nchini kwa Chuo cha Misitu. Tumfikirie mkazi wa huko anayekwenda zahanati. Nyumbani huzungumza Kiarusha, ambacho ni tawi la Kimaa. Mbele ya mganga hutumia Kiswahili, tena Kiswahili cha staha: "Daktari, nikienda haja ndogo naungua." Mganga naye huandika utambuzi wake kwa Kiingereza, mara nyingi kwa ufupisho wa herufi chache. Baadaye utambuzi huo huhesabiwa, na pengine hupewa msimbo. Maumivu yaleyale yamepita katika lugha tatu kabla ya kuwa tarakimu. Je, ni nini kinachopotea njiani?

Umbo la neno lenyewe linatupa jibu la kwanza. Kiambishi ki- kimebeba majina mengi ya maradhi: kikohozi, kifafa, kichocho, kiharusi. Shina la kisonono nalo liko karibu sana na kitenzi sonona, yaani kuuma au kutia uchungu, ambacho kimezaa sononeka na ambacho siku hizi hutumika pia kama jina la maradhi ya akili. Kiswahili, basi, kiliutaja ugonjwa huu kwa kile anachokihisi mgonjwa.

Wayunani walitazama kwingine. Neno lao, gonorrhoea, lina maana ya mtiririko wa mbegu za uzazi. Lilitokana na dhana potofu kwamba usaha unaotoka ni manii. Wataalamu wa Ulaya nao walikosea kwa muda mrefu. Katika karne ya 18 John Hunter aliamini kuwa kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja. Philippe Ricord aliyatenganisha maradhi hayo mwaka 1838, na mwaka 1879 Albert Neisser akamwona kwa hadubini bakteria anayesababisha kisonono. Jina la Kiyunani likabaki lilelile. Maana yake ikahama kutoka kwenye usaha hadi kwenye bakteria.

Misimbo ilikuja kwa njia nyingine. Orodha ya Jacques Bertillon, iliyopitishwa Chicago mwaka 1893, ilihesabu sababu za vifo tu. Ugonjwa unaotesa bila kuua haukuwa na nafasi kubwa humo. Toleo la 6 la mwaka 1948, chini ya Shirika la Afya Duniani, ndilo lililoingiza kwa upana maradhi yasiyoua. Toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990, liliupa kisonono msimbo A54, na usaha wa mrija wa mkojo ambao kisababishi chake hakijathibitishwa likaupa R36. Hapo pana somo la isimu. A54 hutaja kisababishi, R36 hutaja kinachoonekana, na kisonono cha msemaji wa kawaida hutaja kinachohisiwa. Klamidia nayo huunguza. Mgonjwa akiiita kisonono hakosei kwa Kiswahili chake, lakini mwandishi wa daftari akilitafsiri neno hilo moja kwa moja kuwa A54 amedai jambo ambalo hakulipima. Tofauti hiyo ina uzito. Bakteria wa kisonono amekwisha kujenga usugu dhidi ya sulfa, penisilini, tetrasiklini na siprofloksasini kwa zamu. Tukimchanganya na wengine, hatutajua ni dawa ipi inayoshindwa.

Kwa kuwa zahanati nyingi hazina maabara ya kutosha, Tanzania ilichukua utaratibu wa kutibu kwa makundi ya dalili. Utafiti wa vijijini mkoani Mwanza, uliofanywa kati ya mwaka 1991 na 1994, ulionyesha kuwa kuboresha tiba hiyo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mfumo wa taarifa za afya unaoitwa MTUHA nao huhesabu makundi kama kutokwa na usaha na vidonda vya sehemu za siri. Huo ni uandishi mwaminifu: huandikwa kilichoonekana.

Hata hivyo, wanawake wengi wenye kisonono hawahisi maumivu yoyote. Jina la maumivu humwacha asiyeumia, na daftari la dalili humwacha vilevile, mpaka ugumba au macho ya mtoto mchanga yatoe habari.

Nao wakitambuliwa, husubiriwa na neno jingine: magonjwa ya zinaa. Zinaa ni hukumu. Mke mwaminifu aliyeambukizwa na mumewe hakuzini, wala kichanga mwenye usaha machoni hakuzini. Ajabu ni kwamba kundi la A50 hadi A64 linataja maambukizi yanayoenea hasa kwa njia ya kujamiiana, nalo halimhukumu mtu. Lugha yetu tukufu imeshindwa na orodha ya tarakimu katika jambo la utu.

Kwa kuhitimisha, sipendekezi kulifuta neno kisonono. Ni neno letu, na mgonjwa ana haki ya kuutaja uchungu wake. Ninachowaomba wanafunzi wangu, hasa mtakaotunga istilahi na kuandika kamusi, ni kutenganisha waziwazi hisia, dalili na kisababishi, na kuandika magonjwa ya ngono pale ambapo mazoea yanawasukuma kuandika zinaa. Mwanamke wa Olmotonyi asiyeumia naye anastahili mstari wake katika daftari, pasipo kutiwa hatiani na jina.