Kimo cha Kimawimbi: Antena za Waya Palipo na Mlingoti Mfupi

Kimo cha kimawimbi ni kimo cha antena kutoka ardhini kinachopimwa kwa urefu wa wimbi linalorushwa, si kwa mita. Mlingoti wa mita 10 una kimo kimoja kwa seremala, lakini kwa mtu wa redio ya ridhaa una vimo vingi kadiri ya bendi anazotumia. Kwenye bendi ya mita 20, waya uliofungwa kileleni mwake uko karibu nusu ya wimbi juu ya ardhi, na hapo antena hufanya kazi yake bila manung'uniko. Kwenye bendi ya mita 40 kimo hicho ni takriban 0.24 ya wimbi, na kwenye mita 80 ni 0.12. Kwenye bendi ya mita 160, ambako wimbi la megahezi 1.85 lina urefu wa mita 162, kinabaki 0.06 tu.

Istilahi hii inahitaji uangalifu kwa sababu Kiswahili cha kila siku hutumia neno urefu kwa mambo mawili. Ukimwambia fundi kwamba antena ina urefu wa mita 20, ana haki ya kuuliza kama anunue waya wa mita 20 au mabomba ya kusimamisha mita 20. Katika makala hii urefu ni wa waya na wa wimbi, na kimo ni umbali kutoka ardhini kwenda juu. Wapo wanaopendelea kusema kimo cha umeme, kwa kufuata muundo wa istilahi ya kigeni, lakini umeme kwa msikilizaji wa kawaida ni ule wa nyaya za nyumbani, na kimo cha umeme kitamfanya afikirie nguzo za barabarani. Neno masafa nalo lina mtego wake: wasikilizaji wa idhaa za ng'ambo wanayajua masafa mafupi kuwa ni aina ya mawimbi, hali masafa peke yake ni mwendo kati ya mahali na mahali. Ni salama zaidi kutaja megahezi kwa mawimbi na umbali kwa kilomita.

Bendi za chini ni zile za mita 160, 80 na 40. Katika Kanda ya 1 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ambamo Afrika nzima imo, redio ya ridhaa hupangiwa humo megahezi 1.81 hadi 1.85, 3.5 hadi 3.8, na 7.0 hadi 7.2, ingawa leseni ya kila nchi ndiyo yenye neno la mwisho.

Kimo kina uzito mkubwa katika bendi hizi kwa sababu antena hairushi peke yake. Ardhi iliyo chini yake hurudisha juu sehemu ya mawimbi kama kioo, na mawimbi hayo hukutana na yale yaliyotoka moja kwa moja kwenye waya. Yakikutana kwa mpigo mmoja huongezana nguvu, yakipishana hufutana. Pembe ambamo yataongezana huamuliwa na kimo cha kimawimbi. Waya wa kulala ulio nusu ya wimbi juu ya ardhi hurusha kwa nguvu zaidi kwenye pembe ya digrii 30 kutoka upeo wa macho, na ulio wimbi zima juu hushusha pembe hiyo hadi karibu digrii 15. Ukishuka hadi robo ya wimbi au chini ya hapo, nguvu nyingi huelekea utosini. Kwa bendi ya mita 80, nusu ya wimbi ni mlingoti wa mita 41, yaani zaidi ya jengo la ghorofa kumi. Watu wachache sana watafika huko.

Hata hivyo antena inayotazama utosini si antena mbovu. Mawimbi yanayopanda karibu wima hugonga ionosfia, tabaka la juu la angahewa, kilomita 250 hadi 350 juu na kurudi chini kama mvua, yakifunika eneo la kilomita mia kadhaa pande zote bila kuruka mtu wa karibu. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kuzungumza na Dodoma, umbali wa takriban kilomita 400, au wa Mombasa anayemtafuta mwenzake Nairobi, hahitaji mlingoti mrefu. Waya wa bendi ya mita 40 uliowekwa mita 8 au 10 juu humfikisha mchana, na wa bendi ya mita 80 humsaidia usiku, pale ionosfia inapolegea na bendi ya juu ikaanza kupita moja kwa moja angani. Shida huanza akitaka Muscat, karibu kilomita elfu nne. Huko mawimbi ya pembe ya chini ndiyo yanayotakiwa, kwa kuwa wimbi linalotoka kwa digrii 10 na kurudishwa kutoka kilomita 300 hutua zaidi ya kilomita elfu mbili mbele, hali lile la digrii 60 hutua kama kilomita 330 tu.

Antena ya kwanza kwa mwenye mlingoti mmoja ni dipoli iliyoinamishwa mabega, ambayo wengi huiita V iliyopinduliwa. Dipoli ni waya wa nusu wimbi uliokatwa katikati, na urefu wake kwa mita hupatikana kwa kugawanya 142.5 kwa megahezi: mita 39.6 kwa 3.6, mita 20.1 kwa 7.1. Katikati yake hupandishwa kileleni, na ncha mbili huteremshwa kwa kamba hadi mita mbili au tatu kutoka ardhini. Pembe ya kileleni isipungue digrii 90. Ncha zina volteji kubwa wakati wa kurusha, hata kwa wati 100, kwa hiyo ziwe mahali ambapo mtoto au mbuzi hazifikii. Ukinzani wa antena hii ni karibu omu 50, unaolingana na kebo ya kawaida ya koaksi. Lakini kimo chake cha kweli si cha kilele, ni cha wastani wa waya mzima, na hilo husahaulika mara nyingi.

Palipo na kiwanja kifupi, ncha zinaweza kukunjwa pembeni au kuning'inia. Mkondo mwingi uko katikati ya dipoli, kwa hiyo sehemu inayostahili kimo kikubwa ni katikati, na mikunjo ya nchani hudhuru kidogo.

Kwa mtu anayetaka mbali kwenye mita 80 na 160, waya wa kusimama una faida, kwa kuwa huelekeza nguvu karibu na upeo wa macho hata ukiwa mfupi. Waya wa robo wimbi kwa 1.85 una urefu wa mita 38.5, na hapo ndipo umbo la L iliyopinduliwa linapoingia: mita 10 hupanda, mita 28.5 zinazobaki hulazwa kuelekea mti au nguzo nyingine. Sehemu ya kulala hairushi kwa faida kubwa kwenda mbali. Kazi yake ni kuuweka mkondo mkubwa katika mita zile 10 zinazosimama. Waya wa mita 10 peke yake, ukisaidiwa na koili chini, una ukinzani wa mrusho, yaani ule unaogeuza nguvu kuwa mawimbi, wa karibu omu 1.5. Ukiongezewa ile sehemu ya kulala, ukinzani huo hufika karibu omu 5.7.

Tofauti hii huonekana mara ardhi inapodai chake. Ikichukuliwa kwamba ardhi na nyaya zinazolazwa humo kuizunguka antena zinakula omu 15, waya wa mita 10 peke yake hurusha takriban asilimia 9 ya nguvu uliyopewa, hata kabla ya kuhesabu hasara ya koili, na L asilimia 28. Sasa mwenye antena ana hiari mbili. Akiongeza mlingoti kwa mita mbili, ukinzani wa mrusho hupanda hadi kama omu 8 na kiwango hufika asilimia 35. Akiuacha mlingoti ulivyo na kulaza nyaya nyingi zaidi ardhini hadi hasara ishuke kufika omu 8, kiwango hufika karibu asilimia 42. Kazi ya kulaza nyaya haina fahari, wala haionwi na jirani, ndiyo maana huahirishwa. Hata hivyo matokeo yake yamejulikana tangu 1937, pale wahandisi Brown, Lewis na Epstein walipochapisha vipimo vyao vya antena zilizozungukwa na nyaya 2 hadi 113, na kuonyesha kwamba ardhi yenye nyaya chache hula sehemu kubwa ya nguvu. Mtu wa ridhaa hahitaji 113. Nyaya 16 hadi 32, hata za shaba nyembamba zilizofunikwa na majani tu, zinatosha kubadili hali.

Penye mwamba mkavu wa matumbawe ardhi hupitisha umeme kwa shida, lakini ukingoni mwa maji ya chumvi mambo hugeuka: bahari ni ardhi bora kuliko shamba lolote, na waya wa kusimama ulio karibu nayo hurusha chini kwa nguvu ambayo dipoli iliyo mita 10 juu haiwezi kuikaribia.

Mnazi ni mlingoti wa bure, na mrefu hupita mita 20, lakini hauachi kuyumba. Kamba ifungwe kwenye roda kileleni, na mwisho wake wa chini uning'inize ndoo ya mchanga, ili upepo ukivuta kamba ndoo ipande badala ya waya kukatika. Waya usiguse makuti, na kati yake na kamba pawe na kihami cha kauri, au kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa.

Kupokea ni jambo jingine. Bendi za chini katika tropiki hujaa kelele za radi, na antena ya kusimama huzichukua zote. Mhandisi Harold Beverage alionyesha miaka ya mwanzo ya 1920 kwamba waya mrefu sana, ukiwekwa mita chache tu juu ya ardhi na kuelekezwa kule sauti inakotoka, husikia vizuri kutoka upande huo na kuziba sikio kwa pande nyingine. Mtaalamu wa redio Paul Godley alitumia waya wa aina hiyo huko Ardrossan, Scotland, Desemba 1921, alipozisikia stesheni za ridhaa za Marekani zikivuka Atlantiki. Waya huo hurusha vibaya sana, lakini wenye nafasi huuweka kando kwa kusikiliza na kuiachia L kazi ya kurusha.