Shairi Kinywani mwa Mtu wa Kuundwa

Mnamo mwaka 1982 Ridley Scott alitoa filamu ya Blade Runner, iliyotokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968. Kisa kinatokea Los Angeles, mwaka 2019. Watu wa kuundwa, waliopewa umri wa miaka 4 tu, wametoroka utumwani huko angani na kurudi duniani kumdai muumbaji wao nyongeza ya maisha. Kiongozi wao, Roy Batty, anaingia akighani William Blake. Ila ameipindua mistari ile ya mwaka 1793: malaika ambao kwa Blake wanapaa, kwake wanaanguka. Hakukosea, anajisema mwenyewe.

Saa yake ilipowadia, juu ya paa, mvua ikinyesha, alimwokoa askari aliyetumwa kumwua, kisha akataja kwa maneno machache aliyoyaona huko mbali, ambayo yangekufa naye. Hotuba aliyopewa na mwandishi ilikuwa ndefu zaidi. Mwigizaji, Rutger Hauer, ndiye aliyeikata, akaongeza mwenyewe mstari wa machozi na mvua. Mtunzi aliyewahi kufuta beti tano ili libakie moja anaijua kazi hiyo. Hauer alifariki Julai 2019, mwaka ule ule aliopangiwa Batty.

Filamu ya pili, Blade Runner 2049 ya Denis Villeneuve, ilitoka mwaka 2017. Wengi waliisifu kwa picha zake, zilizompa Roger Deakins tuzo ya Oscar, na wengine waliulalamikia urefu wake. Lakini nayo ina shairi, na mpenzi wa mashairi atazame lilipowekwa. K, mtu wa kuundwa anayewawinda wenziwe, kila atokapo kazini huketishwa katika chumba cheupe. Sauti humtupia maneno ya shairi lililomo katika Pale Fire ya Vladimir Nabokov (1962), naye huyarudisha papo hapo. Akisita, ni dalili kwamba ameanza kuhisi. Shairi limekuwa chombo cha polisi.

Uteuzi huo haukuwa wa bahati. Katika kitabu hicho mshairi John Shade, moyo wake uliposimama kwa muda, aliona chemchemi nyeupe. Baadaye akasoma kwamba bibi mmoja naye, alipokuwa ukingoni mwa kifo, aliiona. Akamwendea kwa shauku, kumbe mpiga chapa alikosea herufi moja: bibi aliona mlima. K naye anashikilia kumbukumbu ya farasi wa mti, akiamini kuwa ni yake na kwamba alizaliwa na mama kama watu. Kumbukumbu ni ya kweli, lakini ya mtu mwingine.

Mwishowe K, amejeruhiwa, anajilaza ngazini huku theluji ikianguka. Hasemi neno. Wapo walioona hapo filamu ya pili imeishiwa, maana hata mahadhi yanayosikika ni yale ya Vangelis yaliyomsindikiza Batty. Lakini huyu alirudishishwa maneno ya wengine maisha yake yote, na sasa hakuna sauti ukutani inayomtaka ajibu.